Kovu Limefika Wapi?

Tanga, Jumatano, 22 Januari 2025

Karatasi ya ultrasaundi ya mume wangu iko mbele yangu. Ameipata kwenye upimaji wa afya wanaofanyiwa madereva wa malori kazini kwao kila mwaka. Maneno yake ni machache: ini linang'aa kuliko figo, mafuta kiwango cha pili, kibofu cha nyongo kiko sawa, hakuna uvimbe. Aliyempa majibu alimwambia apunguze mafuta, kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Mume wangu ana miaka 49 na kilo 94. Ana kisukari tangu 2019 na presha anayoimezea kidonge kila asubuhi. Kabla ya kula aliniuliza, "Mama watoto, hii ndiyo saratani yenyewe?" Nikamwambia karatasi haijataja saratani hata kidogo. Akanyamaza, akala matonge mawili, kisha akauliza tena: "Sasa itanifikisha wapi? Na kwa muda gani?"

Hilo ndilo swali la mtu mzima mwenye watoto wanaosoma. Hajibiwi kwa "punguza mafuta".

Ijumaa, 24 Januari

Mama mkwe amekuja kutoka Pangani. Baada ya salamu akanivuta uani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mumeo amekuwa mlevi?" Nimemwapia kwamba hajawahi kugusa pombe, na ni kweli. Lakini jioni shemeji yangu naye aliuliza hilo hilo kwa simu, na mume wangu sasa ameniomba nisimwambie mtu habari za ini lake. Mtu anayeswali swala tano, anayelala kwenye kichwa cha lori huko Same ili asiamkie baa za njiani, anaona aibu kwa ugonjwa asiojitafutia kwa chupa.

Dhana hiyo haikuanzia Pangani. Madaktari wenyewe waliishi nayo miaka mingi. Mgonjwa akija na ini la namna ile na kusema hanywi, waliandika kwamba anaficha. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao chini ya hadubini yalifanana kabisa na ya walevi, ilhali hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanene, na wengi walikuwa na magonjwa yanayoandamana na unene, kisukari kikiwamo. Tangu hapo ugonjwa ukaanza kuhesabiwa peke yake. Miaka 45 imepita, na bado mwanamume wa Tanga anatuhumiwa na mama yake mzazi. Watu wangapi wanakwepa kipimo kwa kuogopa jina baya tu?

Jumamosi, 1 Februari

Tumeonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Nilikwenda na maswali yaliyojaa ukurasa mzima, na mengi yalihusu kiasi cha mafuta. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mafuta yaache kwanza. Niulize kovu limefika wapi."

Akaanza kueleza, na mume wangu akasogeza kiti. Ini huitwa lenye mafuta pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimebeba matone ya mafuta. Hayo si mafuta ya kupikia peke yake. Sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta ya mwilini, yanayomiminika kwenye damu pale mwili unapoacha kuitii insulini. Sehemu nyingine ini hujitengenezea lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Watu wengi huishia hapo na hawaendelei zaidi. Kwa wengine seli zilizojaa mafuta zinaumia, zinavimba, zinakufa, na mchochota unaingia. Mwili nao unajaribu kuponya, na pale palipojeruhiwa panabaki nyuzi ngumu. Hilo ndilo kovu.

Kovu hupimwa kwa hatua, kuanzia F0 hadi F4. Kwenye F0 hakuna kitu. F1 ni nyuzi chache. Kwenye F2 zimesambaa. Kwenye F3 kovu limeshikana na kovu lenzake. F4 ni ini lililogawanyika vinundu na kusinyaa, yaani sirosisi. Mtu anaweza kupita F1, F2 hata F3 bila maumivu yoyote, akiendesha lori lake Tanga hadi Arusha kama kawaida. Wala vimeng'enya vya ini kuwa sawa kwenye damu si ushahidi kwamba ini liko salama.

Kisha akanipa kalamu. Kipimo cha kwanza cha kovu ni hesabu inayoitwa FIB-4, na inahitaji vitu vinne tu: umri, vimeng'enya vya ini AST na ALT, na chembe sahani za damu. Umri unazidishwa kwa AST. Jibu linagawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Mume wangu ana AST 44, ALT 58 na chembe sahani 210. Nikaandika nyuma ya bahasha: 49 mara 44 ni 2156. Kipeuo cha pili cha 58 ni 7.62, mara 210 ni 1600. Jibu 1.35.

Chini ya 1.3, kovu kubwa halitarajiwi. Juu ya 2.67, litarajiwe. Sisi tumeangukia katikati, karibu na mpaka wa chini, kwa hiyo kunahitajika kipimo cha pili. Daktari alieleza kwa nini chembe sahani zimo kwenye hesabu: ini likijaa kovu, damu inayotoka matumboni inakwama, wengu unavimba, na chembe sahani zinashikiliwa humo. Zikishuka bila sababu nyingine, ini lichunguzwe. Akatahadharisha pia kwamba hesabu hii haitegemewi kwa kijana wa chini ya miaka 35, na kwa aliyevuka 65 mpaka wa chini unasogezwa hadi 2.

Nimerudi nayo nyumbani, na nimeirudia mara kadhaa usiku huu. Maabara ya hospitali ya wilaya inaweza kupima vyote vinavyohitajika. Mume wangu amehudhuria kliniki ya kisukari miaka yote hii, damu yake imetolewa mara chungu nzima, na hakuna aliyekaa kuvipiga vile vinne pamoja. Inaniuma.

Jumapili, 16 Februari

Nimesoma sana wiki hizi, na sasa naweza kuanza kumjibu.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za watu waliotolewa kinyama cha ini kwa sindano mara mbili, kwa kuachana miaka. Mwenye mafuta matupu alipanda hatua moja ya kovu kwa wastani wa miaka 14. Mwenye mafuta na mchochota alipanda hatua moja kwa miaka 7. Ni mwendo wa polepole. Nilipomsomea, mume wangu alihesabu kwa vidole akasema, "Basi nitawaozesha mabinti." Nikamwachia furaha hiyo kidogo kabla ya kumweleza kwamba wastani huwaficha watu. Ndani ya uchambuzi ule ule wapo ambao kovu halikusogea, wapo ambao lilirudi nyuma, na wapo wachache waliotoka sifuri hadi hatua za juu katika miaka michache. Mwenye kisukari, presha na kitambi yumo kwenye kundi linalokwenda haraka zaidi, na mume wangu ana vyote vitatu.

Kuna na urithi. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Texas, waligundua kwamba aina moja ya jeni iitwayo PNPLA3 huongeza mafuta kwenye ini, na baadaye ikajulikana kwamba huongeza kovu pia. Aina hiyo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Ni nafuu, lakini si kinga: kisukari na uzito vinatosha kulijaza ini bila msaada wa jeni hiyo.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba nilifungua habari za ini nikakutana na moyo. Wenye ini la mafuta wanaokufa, wengi hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Zinafuata saratani za viungo vingine, ndipo linakuja ini. Mambo hubadilika kovu likifika F4. Hapo ini lenyewe ndilo linaloongoza kuua. Kwa maana nyingine, karatasi ile ya Januari ilikuwa inaonya juu ya moyo wake kabla ya ini lake, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Takriban watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana mafuta kwenye ini. Katika wenye kisukari kama chake ni zaidi ya nusu.

Ijumaa, 14 Machi, Ramadhani

Mfungo umetukuta katikati ya jambo hili, na kwa mwanamke wa Tanga kumpunguza mtu uzito katika Ramadhani ni kazi ya kujitolea. Futari ya kwetu ni mihogo ya nazi, magimbi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati zilizolowekwa shira, sambusa, na jagi la juisi ambalo sukari yake ukiipima kwa kikombe utaogopa. Majirani wanaletewa, majirani wanaleta, na kukataa sahani ya mtu ni kumvunjia heshima.

Sikukataa sahani ya mtu. Nimebadilisha cha kwangu. Uji wa pilipili manga naupika bila sukari. Tende mbili, maji, kisha anaswali. Anarudi kwenye samaki wa kuchoma, kunde, mchicha, na kipande kimoja cha muhogo badala ya sahani. Juisi nimeiondoa mezani kabisa, kwa kila mtu, watoto nao. Baada ya tarawehe tunatembea hadi Raskazone na kurudi, na njia nzima anasimulia habari za barabarani ambazo hajawahi kunisimulia katika miaka yote ya ndoa yetu. Daktari alimpangia upya muda wa dawa zake za kisukari kabla ya mwezi kuandama.

Ninachojaribu kukifanya kimefanyiwa kazi Cuba. Watafiti wa huko waliwafuatilia wagonjwa 293 wenye mchochota kwa mwaka mzima bila dawa: chakula kilichopunguzwa kiasi cha kilokalori 750 kwa siku na kutembea dakika 200 kwa wiki. Walitoa kinyama cha ini mwanzo na mwisho. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, mchochota ulitoweka kwa 90 katika kila 100, na kovu lilirudi nyuma kwa 45 katika kila 100. Nilisoma sentensi hiyo nikasimama. Shuleni nilifundishwa kwamba kovu ni kovu. Kumbe ini, mzigo ukitolewa, linaweza kuzila nyuzi zake lenyewe.

Upande wa pili wa matokeo hayo nao nimeuandika, nisije nikamdai mume wangu yasiyowezekana. Waliofikia asilimia 10 walikuwa 29 tu kati ya wote 293, na hao walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Hata hivyo kila hatua ina faida yake. Asilimia 3 hadi 5 hupunguza mafuta, 7 hutuliza mchochota, 10 ndiyo inayogusa kovu. Kwake yeye 7 ni kilo 6 na nusu, na 10 ni kilo 9.4. Nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko.

Dar es Salaam, Jumanne, 22 Aprili

Leo amepimwa ugumu wa ini kwa FibroScan. Niliruhusiwa kusimama pembeni.

Unakwenda hujala kwa saa tatu. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa ili mbavu zifunguke. Mpimaji anapaka jeli, anaweka kichwa cha mashine kati ya mbavu upande wa kulia, na mashine inapiga kidogo, kama mtu anavyogonga tikiti kwa kidole sokoni kusikiliza kama limeiva. Mtikisiko ule unapita ndani ya ini, na mashine inapima kasi yake. Ini laini linaupitisha taratibu, lenye kovu linaupitisha haraka. Vipimo kumi vinachukuliwa, jibu la katikati ndilo linaloandikwa. Mashine ilibuniwa Ufaransa, na maelezo yake yalitangazwa 2003. Kabla yake njia ya uhakika ilikuwa sindano peke yake.

Jibu lake ni kilopaskali 9.4. Chini ya 8, kovu kubwa halitarajiwi. Juu ya 12, kuna uwezekano mkubwa kwamba lipo. Tumeangukia katikati kwa mara ya pili. Daktari wa hapa alisema atamchukulia kama mtu aliyefika karibu na F2, amshughulikie hivyo, na arudiwe kupimwa baada ya miezi sita. Mume wangu akauliza, "Sijachelewa?" Akajibiwa, "Hapana, mzee. Umekuja wakati wa kuja." Nilitamani kumbusu daktari yule mikono.

Walimpima pia homa ya ini aina ya B na C. Yote hakuna, wakamwanzishia chanjo ya B. Daktari alilisisitiza hili, na mimi nalisisitiza hapa: kwetu mafuta hayalikuti ini likiwa peke yake. Virusi vya B vimeenea Afrika Mashariki. Sumukuvu nayo imo kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na 2016 iliua Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haiui papo hapo, ila inachochea saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya B madhara yake yanaongezeka mno. Tangu sasa karanga zenye ukungu hazichambuliwi kwangu. Zinatupwa zote.

Pangani, Jumapili, 8 Juni

Idi imetukutanisha kwa mama mkwe. Baada ya chakula watu walimkumbuka marehemu mama mdogo wa mume wangu, na mazungumzo yakageuka kama yanavyogeuka kila mwaka: nani alimroga.

Nilimuuguza mama yule katika miezi yake ya mwisho, mwaka 2018. Alikuwa na kisukari tangu ujana wake, mwili mnene, mpishi wa maandazi anayesifika mji mzima. Akaanza kuvimba miguu. Kisha tumbo likajaa maji hadi kitovu kikatokeza, ilhali mikono na mashavu vinakonda. Watu walipoona tumbo vile, wakasema ametupiwa jini. Macho yakawa manjano. Usiku mmoja akatapika damu beseni zima. Alipotulia akaanza kusahau majina yetu, anavaa kanga kinyumenyume, analala mchana na kukesha usiku. Waganga walikuja wakala mbuzi wawili wa familia. Hospitali alifikishwa siku ya mwisho.

Nayaona yale yote sasa kwa mpangilio wake. Ini lililosinyaa haliruhusu damu ya matumboni ipite. Damu inatafuta njia za pembeni, mishipa ya koo inatuna, inapasuka: hiyo ndiyo damu aliyotapika. Ini halitengenezi albumini ya kutosha na shinikizo liko juu, maji yanavuja kwenye tumbo. Sumu ambazo ini lilikuwa likizisafisha, amonia ikiwamo, zinafika kwenye ubongo, na mtu anawasahau wanawe. Hakuna jini aliyetumwa. Wala pombe haikuwapo. Alikuwa na F4 ambayo hakuna aliyeijua, na iliyojengeka kimya kwa miaka mingi akiwa anakaanga maandazi na kucheka na wateja.

Niliwaeleza haya pale ukumbini, kwa upole, mbele ya wazee. Mama mkwe alilia. Kisha akaniuliza kama ndugu zake waliobaki nao wanaweza kuwa nayo. Nikamjibu ndiyo, maana ugonjwa huu hupita kwenye familia, kwa damu na kwa jiko.

Kuna aliyeuliza kama ini linaweza kubadilishwa. Linaweza, na wapo Waafrika Mashariki waliokwenda India kulibadilisha, wakiwa na fedha na ndugu wa kuwatolea kipande cha ini. Kwa mpika maandazi wa Pangani hilo halikuwa tumaini la kweli. Tumaini lake lilikuwa miaka ishirini nyuma.

Jumamosi, 19 Julai

Utingo wake amemletea chupa ya "dawa ya kusafisha ini", majani yaliyochemshwa, hayana jina wala kipimo. Alipewa kwa mapenzi, na mume wangu hakutaka kumuumiza. Nimeichukua na kuimwaga. Ini ndilo linalopokea kila kinachomezwa. Kulipa kazi ya kusaga majani yasiyojulikana wakati linauguza majeraha ni kulionea, na madaktari wa kwetu wamewapokea wengi walioharibika maini kwa mitishamba. Nimemwambia: kama kuna dawa ya bure ya kulinda ini, ni kahawa.

Katika hilo simdanganyi. Tafiti nyingi, za nchi nyingi, zimekuta kwamba wanywaji wa kahawa wana kovu dogo zaidi na saratani ya ini kidogo zaidi. Yeye ni mtu wa kahawa ya barazani tangu zamani, kahawa chungu ya vikombe vidogo. Kilichoondoka ni kashata.

Barabarani ndiko kugumu. Segera, Korogwe, Mombo, Same: kila kituo ni chipsi mayai, nyama na soda baridi. Soda ndiyo niliyoipigania kuliko kitu kingine, kwa kuwa fruktozi iliyomo kwenye sukari yake huchakatwa zaidi na ini, na ini lenye ziada hiyo huigeuza mafuta. Sasa anaondoka na chombo cha dagaa, ugali kidogo na mboga, na dumu la maji. Akifika mahali pa kupakulia anazunguka yadi kwa miguu wakati wenzake wanalala. Mizani ya juzi imesoma kilo 88.

Jumatano, 20 Agosti

Habari za wiki hii: Marekani wameidhinisha semaglutide kwa wenye mchochota wa ini na kovu la F2 au F3. Ni dawa ya pili. Ya kwanza, resmetirom, iliidhinishwa Machi 2024. Miaka yote kabla ya hapo hapakuwa na dawa hata moja iliyoidhinishwa huko kwa ugonjwa huu.

Binti yetu alinitumia habari hizo kwa furaha, akauliza kama baba yake ataipata. Nimemjibu kwa takwimu. Kwenye jaribio la resmetirom, kovu lilishuka hatua moja kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne, na kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa 14 katika 100. Kwa semaglutide ilikuwa karibu 37 kwa 22. Ni faida ya kweli, namshukuru Mungu kwa kila aliyeifanyia kazi. Lakini wengi hata kwa dawa kovu lao halikushuka, bei ni ya nchi tajiri, na zote mbili hazikuidhinishwa kwa F4, ambako ndiko watu wetu wengi wanakogunduliwa. Nchi ambayo haijapiga hesabu ya vitu vinne kwa wagonjwa wake wa kisukari itazipokea dawa hizi ikiwa haijui impe nani.

Alichoandikiwa yeye na kinachopatikana duka lolote la dawa ni statini, kwa ajili ya moyo. Mfamasia mmoja alimtisha kwamba itaharibu ini, akataka kuiacha. Daktari alikuja juu kwenye simu: ini lenye mafuta si sababu ya kumnyima mtu statini. Kinachomtishia mgonjwa huyu kwanza ni moyo, na statini inaulinda. Anaimeza kila usiku.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumerudi Dar, majibu yametoka.

Kilo 86.4. Amepunguza asilimia 8 ya uzito wake wa Januari. AST 27, ALT 31, chembe sahani 214, na sasa ana miaka 50. Hesabu nimeipiga kwenye benchi la hospitali kabla daktari hajatuita: 50 mara 27 ni 1350. Kipeuo cha pili cha 31 ni 5.57, mara 214 ni 1192. Jibu 1.13. Chini ya mpaka. FibroScan imesoma kilopaskali 7.2.

Mume wangu alitaka kusikia neno "umepona". Daktari hakumpa, na nilimheshimu kwa hilo. Alieleza kwamba ugumu wa ini hushuka pia kwa sababu mchochota umetulia, kwa hiyo namba haithibitishi kwamba nyuzi zote zimeondoka. Uzito ukirudi, mafuta yatarudi, na safari ya kovu itaanza upya pale ilipoachwa. Atapimwa tena baada ya mwaka. Sukari, presha na lehemu ziendelee kushikwa kama zilivyoshikwa. Kisha akampa mkono, akamwambia kwamba kwa hali hii anachotarajia ni azeeke na ini lake.

Kwa hiyo lile swali la Januari lina jibu. Itakufikisha wapi inategemea kovu limefika wapi na utafanya nini kabla halijafika F4. Kwa muda gani: kwa wengi ni miaka mingi, na miaka hiyo ni ya kuitumia.

Jioni amempigia mama yake simu mwenyewe, sauti juu, bila kuficha jirani asisikie. Amemwambia ini lake lilikuwa na mafuta, si pombe, na kwamba kuna hesabu ambayo wote wenye sukari katika ukoo wapigiwe. Dada yake mkubwa ana kisukari miaka minane na ini lake halijapimwa hata siku moja. Jumatatu ninampeleka, na nimeshamwandikia vitu vitatu vya kuomba maabara: AST, ALT na chembe sahani. Cha nne ni umri wake, na huo tunaujua.